Bawaba ya Mlango wa Jikoni

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wifi yangu mzima, na wanangu wawili wanakula na kugombana kama kawaida yao. Yale mafua ya mdogo yameisha? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anatembea, na bado anagombana na jirani yetu fundi bomba, ila sasa kwa ishara za mikono. Mimi afya ninayo na hasira ninayo, na hasira nimeitaja mapema usije ukafika katikati ya barua ukadhani naomba msamaha.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, kisha nikamsomea mama yote, hata pale ulipoandika kwamba yeye asiambiwe. Tangu lini katika nyumba hii mama akafichwa jambo linalomhusu?

Umeandika kwamba nimemfanya mama bidhaa. Ulikuwa umekaa kwa kinyozi, redio ikapiga wimbo wangu wenye ngoma nzito za kukatia viuno, na juu ya ngoma hizo ukasikia sauti ya mama ikiimba bila maneno, ukainuka ukatoka na kichwa kimenyolewa upande mmoja. (Hilo la kichwa kanisimulia wifi, na unisamehe, nilicheka.) Umesema tangu daktari amtoe koromeo mama hawezi kusema, kwa hiyo hawezi kukataa, nami nimeutumia unyonge huo kujitafutia jina. Unataka wimbo uondolewe kila mahali ulipo. Unataka nikukabidhi sauti zake nilizorekodi kabla ya upasuaji, kwa kuwa ni urithi wa familia na wewe ndiye mkubwa. Na Jumamosi unakuja na pikapu umchukue yeye na vitu vyake, akaishi kwako mahali penye heshima.

Nitakujibu kwa adabu, lakini sitapindisha maneno. Wimbo hauondoki. Mama hahami. Na hizo sauti sitakukabidhi. Sababu ninazo, nakuomba tu usome mpaka mwisho, maana wewe una tabia ya kulitupa gazeti ukikuta habari usiyoipenda.

Kwanza uijue kazi yangu, kwa sababu miaka yote umewaambia watu kwamba mdogo wako anachezea kompyuta. Kile chumba cha nyuma kilichokuwa stoo nimekitundika magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, na humo natengeneza sauti. Prodyuza akitaka ngoma ambayo hajawahi kuisikia mtu, anakuja kwangu. Nachukua ndoo, naipindua, naipiga ngumi, narekodi. Kisha naishusha mpaka inakuwa nzito ya kutikisa kifua, nakata ule mlio wa plastiki ulioko juu, naufanya mwanzo wake uwe mkali na mwisho wake ufe upesi. Ukiisikia kwenye spika huwezi kuapa kwamba ni ndoo. Ule wimbo unaoupenda wewe mwenyewe, wenye mvua mwanzoni, ile si mvua. Ni mchele nilioumwaga kwenye sinia, na mama alinifokea kwa kuumwaga. Basi hiyo ndiyo kazi, na inanilisha, na sioni aibu nayo hata chembe.

Sasa nije kwa mama. Unakumbuka jinsi tulivyojivuna naye alipokuwa akitangaza treni kule kituoni. Wiki ile kabla ya upasuaji nilimkalisha mbele ya maikrofoni. Alisoma majina ya vituo vyote vya njia kuu bila kukosea, akaimba nyimbo za kutulaza, akatuita wewe na mimi kwa yale majina ya utotoni tusiyopenda watu wayajue. Tulicheka sana siku hiyo. Tulilia pia, lakini kwa zamu, mmoja akilia mwenzake anashika kazi.

Aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichokinyooshea kidole ni kompyuta. Alitaka kujisikia. Nikamfungulia. Alisikiliza majina ya vituo mpaka la nne, akanizuia mkono, akachukua kile kibao chake cha chaki akaandika: "Huyo amekwenda. Usinikalishe na maiti yangu." Halafu akaniamuru nifute zote. Nilikataa. Nilimsihi, nikakutaja wewe, nikawataja wajukuu. Akanitolea yale macho yake ya kituoni yaliyokuwa yakiwarudisha nyuma abiria wakorofi, nami nikafuta, moja baada ya nyingine, yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Kwa hiyo kaka, hizo sauti unazozidai hazipo. Sikuficha nakala. Najua limekuchoma, hata mimi limenichoma, na kuna siku nilimchukia kwa ajili yake. Lakini koo lilikuwa lake na sauti ilikuwa yake, na wewe hukuwapo. Wewe ulikuwa unapiga simu Jumapili, unaniambia nimwekee simu sikioni, unamwambia apige moyo konde, unakata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Utaniuliza, kama nilifuta, ulisikia nini pale kwa kinyozi? Hapo ndipo nataka utulie.

Mama hakukanyaga chumba changu kwa miezi. Akipika anapika, akilala analala, akiangalia ukuta anauangalia. Asubuhi moja nilikuwa nahangaika kumtengenezea mteja sauti ya mwanamke anayeimba. Niliianza kwa ule mlio mbichi wa kompyuta unaovuma kama nyuki kwenye kopo, nikaulainisha, nikaurefusha, nikauona umependeza. Mama alikuwa akimenya viazi. Akaingia na kisu mkononi, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa dharau kabisa. Akaandika neno moja: "Haipumui."

Kisha akanivuta mpaka jikoni na kuanza kufungua ule mlango ambao bawaba yake uliahidi kuitia mafuta ulipokuja mara ya mwisho. Alifungua taratibu mno, sikio limeinama. Ukiufungua hivyo, bawaba ile huanza chini, hupanda, hukwama kidogo, kisha huachia. Akanionyesha maikrofoni kwa kidole.

Tangu siku hiyo mimi nilikuwa msaidizi tu. Tuliipunguza mwendo bawaba ile mpaka ukali wa kutu ukaondoka. Mama akaona haina pumzi, akasugua kipande cha flana karibu na maikrofoni, tukaiweka pumzi hiyo mbele ya kila mlio, mahali ambapo mtu huvuta hewa kabla ya kuimba. Mimi nilitaka mlio unyooke mpaka mwisho, uwe safi. Alinichapa kofi mkononi. Akashika kitufe mwenyewe, akakizungusha kidogo kidogo, mlio ukatetemeka na kushuka kabla ya kukatika, kwa sababu sauti yake ilikuwa ikichoka mwishoni mwa sentensi na kila abiria aliijua hivyo. Tukabeba spika tukaipeleka bafuni ili kuta ziijibu. Akaisogeza maikrofoni kutoka mlangoni hadi ukumbini, akarudi, akaenda tena, mpaka bafu letu likawa na ukubwa wa kituo cha treni. Siku aliyoridhika alikaa chini sakafuni. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anacheka, tumbo linaruka, bila sauti yoyote. Sauti hiyo ndiyo tuliyoiweka juu ya ngoma za wimbo wangu.

Kaka, kilichokuinua kwenye kiti cha kinyozi ni bawaba ya mlango wa jikoni. Hakuna hata punje ya koo la mama humo ndani. Sauti ile aliitengeneza yeye, kwa masikio yake na vidole vyake, baada ya ugonjwa kuchukua ile ya kwanza, na wewe mtoto wake wa kwanza ukaitambua redioni katikati ya mashine za kunyolea. Nilipofika hapo katika barua yako, mama alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kisha akainua ngumi juu kama mchezaji aliyefunga bao.

Sasa niambie, nikiufuta wimbo huo nitakuwa nimemrudishia nani heshima? Mwili wake ulimnyamazisha mara moja, na hakuna aliyeulizwa. Mara ya pili mtamnyamazisha nyinyi mnaompenda, nami nitakuwa mlangoni. Njoo na pikapu, njoo na mama mdogo, njoo na wazee wote wa ukoo. Sitoki hapo.

Nilipolisoma neno lako la urithi, mama aliniinulia mkono ninyamaze. Akaandika jibu lake kwenye kibao, akanisimamia mpaka nilipolinakili, nami naliweka hapa kama lilivyo: "Urithi hugawanywa mtu akifa. Mimi nipo kazini."

Jumamosi karibu sana. Tutakupikia, tutakupa kitanda, na mama atakukalisha kwenye kiti changu akuonyeshe wimbo mpya anaoutengeneza. Hiyo pikapu iache kwenu. Lakini anaomba ubebe lile feni bovu ambalo wifi anataka kulitupa. Mlio wake aliousikia kwenye simu zako za Jumapili umemkaa kichwani, na usilitengeneze kabla hujalileta.

Nisalimie wifi, nisalimie wanangu, waambie shangazi yao anawapenda. Nisalimie na yule kinyozi wako, mpole wa watu, aliyeachwa na mkasi mkononi. Mama ameipitia barua hii kabla sijaifunga. Amefuta sentensi moja tu, aliyoona ni ya upole mno.

Mdogo wako akupendaye, asiyekuogopa.