Kitunga, Ambia Bukwe Yangu

Mercredi 29 juillet 1998

Basi, nilikuwa nasema habari ya drap, shuka ya kitanda yangu. Jana Mama Kalenga aliniita kula, nikaachia pa katikati. Drap iko mweupe, imepigwa pasi. Hata sac ya muto imepigwa pasi. Minyi mwenyewe, muntu wa Kamina, muzazi wa batoto saba, sijalala ata siku moja mu kitu kama ile. Siku ya kwanza nililala pembeni kabisa, nisiikunje.

Mama Kalenga njo anachunga hii nyumba ya bageni, hapa Sanga, pembeni ya ziwa Kisale. Tulibatizwa siku moja. Mwalimu moja alituchapa mu troisième primaire, siye bawili tukaacha masomo pale pale. Leo eko na bifunguo mingi ku kiuno, anatembea nayo kama kengele ya kanisa. Alinitumia neno: "Kuya, ndugu yangu, ukae mwezi nzima, usiguse sufuria." Niligusa moja. Alinipiga na mwiko ku mukono.

Vakansi. Bazungu njo balikuwaka na vakansi. Sasa minyi.

Hii cahier ni ya Odette, mutoto yangu wa ine, mwalimu. Alinipatia ku gare ya treni: "Mama, unasemaka sana, na kule hakuna bantu mingi. Andika, usipasuke." Mutoto mubaya. Eko na mimba ya kwanza, itatoka mwisho ya août. Tarehe 20 niko kwake. Bibi hawezi kuzala wa kwanza bila mama yake kumushika mugongo. Nilimuapia.

Asubuyi: mukate, chai ya maziwa, samaki ya kukaanga. Kisha tena chai.

Vendredi 31 juillet

Nimeona bintu. Kuna bisanga ya matete, inaelea yulu ya mayi, na bantu banaishi palepale. Asubuyi kisanga iko ku kuume. Saa ya kula bukari iko ku kushoto. Nyumba yulu yake, moshi inatoka, mama moja eko natwanga, hana ata habari kama amehama. Nilikaa kuangalia mpaka shingo ikauma. Muzuri sana. Ukigombana na jirani, unangojea upepo.

Balipandika miti mu mayi mviringo, mamba isiingie, njo pa kuoga. Niliingia na kikwembe mpaka ku kifua. Nilipiga makelele ya furaha. Mama Kalenga alifikiri mamba imeniuma, akakimbia na mupini ya jembe.

Bageni bengine ni bawili tu: muzee moja diacre, shemasi wa kanisa kule Luena, na bibi yake. Banakula bila kuongea. Nilichunguza siku mbili. Kumbe bwana alinyoa mustachi bila kumuuliza bibi. Miaka yote ile mustachi, na sasa uso ya muntu mwengine. Bibi yake akasema: "Minyi niliolewa na muntu na mustachi yake." Nilimupatia haki.

Dimanche 2 août

Misa. Samaki. Usingizi. Sina kitu ya kusema. Minyi! Mungu anaona.

Mardi 4 août

Redio ya muzee diacre inasema vita imeanza kule mbali, upande ya mashariki. Tena. Haijapita miaka mbili tangu ile ingine. Kisha Mama Kalenga akasema samaki itapoa, tukakula.

Ziwa haina habari. Iko muzuri vilevile. Ile njo inanikasirisha kiloko.

Jeudi 6 août

Bavuvi batatu balifika toka Bukama. Banasema treni ya bantu hakuna. Basoda njo beko ndani, banapanda na banashuka. Bwato ya moteri haitembee tena, mafuta imechukuliwa.

Nilihesabu siku na bidole. Nikahesabu tena.

Mama Kalenga anasema: "Kaa. Vita haijue njia ya huku." Ni kweli. Drap iko pale, chai iko pale. Lakini Odette eko Kamina, na pale Kamina basoda njo bamejaa kuliko pahali pengine. Niliapa tarehe 20.

Dimanche 9 août

Hakuna bwato. Muzee diacre na bibi yake sasa banaongea sana, mustachi imesahauliwa. Vita ilibapatanisha. Minyi sikule. Niko na woga. Niliomba Bikira Maria, kisha nikamugombeza, kisha nikaomba musamaha.

Mardi 11 août

Bukwe yangu amefika!

Ilunga, bwana ya Odette, ye pia mwalimu. Alipanda yulu ya paa ya treni ya basoda mpaka Bukama, akalomba bwato, akapiga kafi siku mbili na nusu, mukono yake imetoka malengelenge. Minyi nilikuwa nachambua mboga kwa kuiba. Nikaona mugongo ya muntu pembeni ya lupango, uwanja ya nyumba, amegeuka upande ya ziwa, kichwa chini. Nikajua. Nikatupa mboga, nikakimbia mu cuisine, nikajifunika kikwembe ku kichwa.

Kwetu Baluba bukwe ni bukwe. Bwana ya mutoto yako haumuangalie uso. Haukule mbele yake. Hausemezane naye, hata akiungua. Haumuguse, ile kabisa hapana. Mpaka siku bakubwa ya pande mbili batafungua ile heshima na kuku na kikwembe. Ya siye haijafunguliwa, juu mama yake Ilunga ni Méthodiste, anasema "tutaona, tutaona". Mwaka moja na nusu bameoana. Siyue ata sauti yake muzuri. Minyi! Hata bambuzi ya quartier ninazisemesha.

Basi Mama Kalenga akasimama ku mulango, katikati yetu.

"Anasema Odette anakusalimia."

"Ambia ule muntu: eko muzima?"

"Anasema eko muzima, lakini muzalishaji alimupapasa. Mutoto amekaa vibaya. Miguu njo iko chini. Na itatoka mbele ya siku yake. Odette analia, anaita mama."

Niliketi chini. Mama Kalenga pia aliketi chini, na ule kule njie, niliona ku tundu ya mulango, alikuwa amechutama na mikono ku kichwa. Vijana beko banakamatwa ku njia kwenda jeshi. Alijua. Alikuya.

Nimefunga kitunga yangu.

Mercredi 12 août

Mu bwato. Naandika vibaya juu inatikisika. Mama Kalenga alifunga kamba ku fimbo mbili, akatundika kikwembe katikati ya bwato kama rideau. Minyi ku mbele, Ilunga ku nyuma na kafi. Pa katikati, pembeni ya kikwembe, muzee Banza mwenye bwato, alikuya na Ilunga toka Bukama, njo alipaswa kutupatishia maneno.

Kumbe muzee Banza ni kiziwi.

Nilimulalamikia saa nzima: ambia ule muntu akunywe mayi, ambia ule muntu ajifunike kichwa, jua ni kali. Muzee ananicheka tu, anaonyesha ndege. Mwisho nikaweka kitunga yangu mbele, nikasema kwa nguvu: "Kitunga! Ambia ule muntu akunywe mayi!"

Nyuma ya kikwembe kafi ikasimama. Kisha sauti: "Kitunga, ambia mama nimekunywa. Aksanti."

Sauti iko muzuri. Ya mwalimu, ya pole.

Kitunga yangu leo imechoka. Niliisemesha habari ya diacre, ya mustachi, ya bisanga, ya Mama Kalenga tangu ubatizo. Ilunga anajibu kiloko kiloko. Kuna pahali alicheka mpaka kafi ikaanguka mu mayi, muzee Banza akakasirika, akafikiri tunamucheka yeye.

Saa ya kula anageuka ku kushoto, minyi ku kuume. Hakukosa ata mara moja. Na mikono ile ya bidonda. Nilitupa mafuta ya mawese yulu ya kikwembe, mu chupa. Sikusema kitu. Nilisikia anajipakaa.

Samedi 15 août, siku ya Bikira Maria

Bukama. Gare imejaa bantu na basoda. Kuna treni, mabehewa ya mizigo, inaenda Kamina kesho. Bamama beko banapanda. Vijana banaulizwa karte kwanza.

Nitaandika mbio.

Nilikuwa mbele, na Ilunga nyuma, mbali, vile inapaswa. Musoda moja akamuangalia. Karte ya mwalimu. Musoda hakuisoma. Akasema: "Bwalimu njo banajua kuhesabu masasi ya bunduki." Bengine bakacheka. Bakamusukuma upande ya vijana bengine, kumi hivi, banakaa chini ku mchanga.

Nilitafuta kitunga. Kitunga inaweza kuambia nani? Nikaangusha kila kitu. Nikaenda. Nikamushika mukono, mukono ya bukwe yangu, na mikono yangu mbili, mbele ya gare nzima, nikamuangalia uso, nikapiga makelele:

"Huyu ni mutoto yangu! Nilimuzala minyi! Bibi yake eko nazala leo, mutoto amekaa miguu chini, na weye unataka kumufunga bunduki? Weye ulizaliwa na nani, na jiwe? Mama yako eko wapi, nimusemeshe?"

Sikunyamaza. Miaka makumi ine na saba niliambiwa ninyamaze, na leo njo ilifaa. Nilisema mimba, nilisema Bikira Maria, siku yake leo, nilisema mugongo ya Odette, nilisema mpaka mate ikaisha. Bamama ya samaki bakaanza kusema pamoja na minyi. Musoda mukubwa akatoka, akasema: "Mupeleke huyu mama mbali, kichwa inaniuma. Na mutoto yake."

Tulienda. Nilikuwa ningali nimemushika.

Kisha nikaona mukono yangu yulu ya mukono yake. Nikaachilia kama moto. Alijifunika uso na shati. Minyi na kikwembe. Bale vijana bengine balibakia pa mchanga. Ile nayo siwezi kuitoa mu kichwa.

Dimanche 16 août

Mu behewa, yulu ya mifuko ya samaki ya kukauka. Tumegeukiana mugongo. Hakuna pahali, mugongo yake iko nagusa mugongo yangu. Basi, imekwisha haribika yote.

Tangu jana sisemi. Bakubwa banasemaka: ukimugusa bukwe mbele heshima haijafunguliwa, ubaya inaenda ku mimba. Nilimutoa bwana mu mikono ya basoda, na labda nimemufunga bibi. Ile wazo inanikula kama chawa. Nachukia hii treni. Inasimama kila pahali.

Luena, ilisimama saa tatu nzima. Pale njo nilisikia, pole pole:

"Kitunga, ambia mama mukono yake haikuwa na ubaya."

Kitunga ilibakia Bukama. Niliiangusha ku gare, hii cahier tu ilibakia mu kikwembe. Ilunga anajua. Nililia mu kikwembe.

Lundi 17 août

Kamina. Odette eko muzima. Tumbo kubwa, macho kubwa. Alinikumbatia, akauliza kwa nini sisemi. Akamuangalia bwana yake. Bwana akatoka njie.

Nilienda moja kwa moja kwa mama yake Ilunga, Mama Monga, nikamuelezea yote. Ule mama, Méthodiste wa chapa kabisa, kanisa dimanche na mercredi, alisema kwanza: "Siye tuliachaka zamani ile bintu ya mushenzi." Kisha akauliza: "Ulimushika mukono ya kuume ao ya kushoto?" Zote mbili, nikasema. Akasimama palepale, akaita ndugu ya bwana yake, akakamata kuku mweupe. Aliikimbiza mwenyewe lupango nzima na viatu ya kanisa. Ninamupenda ule mama kuanzia leo.

Tulikula kuku ile siye bote mu sahani moja. Ilunga mbele yangu. Nilipewa kikwembe. Bakubwa balisema imefunguliwa, sasa musemezane. Nilimeza mufupa kwa haya.

Jeudi 20 août

Amezaliwa. Mwanamuke. Miguu kwanza, kisha tumbo, kisha kichwa ikakatala. Muzalishaji alisema sukuma, Odette akasema siwezi. Nilimushika mugongo. Mugongo yote. Kichwa ikatoka saa ya muchana. Alikawia kulia. Alikawia sana. Kisha akalia.

Nimechoka. Mungu ni muzuri.

Samedi 22 août

Kimya. Camion ya basoda ilipita asubuyi, mbili, na vumbi yake. Masomo haijulikane kama itafungua. Mutoto anakunywa vizuri. Odette anakula bukari kama muvuvi.

Muchana niliketi njie ku kiti. Ilunga akatoka, akaketi ku kiti ingine. Hakuna kikwembe, hakuna kiziwi. Ruhusa iko, kuku imekulwa. Nilikuwa na bintu mingi ya kumusemesha: juu ya bale vijana, juu ya mutoto, juu ya ule bwato alipiga kafi kunifuata. Ni muntu ya kuheshimiwa. Sijaona kijana kama ule mu Kamina yote, na Kamina yote ninaijua.

Nilifungua kinywa. Hakuna neno ata moja ilitoka. Ye pia. Tuliangalia njia siye bawili mpaka kivuli ikafika ku miguu yetu. Bidonda ya mikono yake inakauka.

Kisha aliingia ndani, minyi nikachukua hii cahier. Nilitaka kuandika ginsi gani uso yake—
Odette eko naita. "Mama! Mama, kuya mbio, mutoto amejikojolea yulu ya kila kitu!"

Naenda.