Homa ya siku ya nane

Ijumaa. Mvua inanyesha tangu alfajiri, mtaa wetu wote wa Makomeno umelowa, na mie nimebaki nyumbani. Shuleni nimeomba ruhusa. Héritier, mwanangu wa miezi tisa, amelala kifuani pangu na mwili wake umepoa. Nimemgusa shingo labda mara ishirini tangu asubuhi.

Nataka kuandika yote leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Miaka miwili iliyopita kulikuwa na kampeni ya chanjo ya surua mtaani kwetu. Mama Julienne, jirani wa barabara ya nyuma anayesaidia kituo cha afya, alifika mlangoni pamoja na muuguzi aliyebeba kisanduku cha baridi. Binti yangu Clémence alikuwa na miaka mitatu. Mke wangu, Béatrice, alikuwa amekwisha kumvalisha viatu. Mie ndiye niliyesimama mlangoni nikasema hapa hakuna mtoto wa kuchomwa sindano, nendeni.

Sababu yangu ilikuwa sauti moja ya WhatsApp. Mwanamume fulani, simjui mpaka leo, alisema sindano hizo zinafanya watoto wetu wawe tasa. Mie mwalimu wa jiografia, ninayewauliza wanafunzi kila siku "umejuaje?", siku ile sikuuliza kitu.

Miezi mitano baadaye Clémence akapata surua. Macho mekundu, vipele mwili mzima, kisha usaha masikioni. Wiki tatu. Alipona, lakini sikio la kushoto halisikii tena.

Béatrice hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Ndiyo maana safari hii nilimwambia: huyu nitampeleka mwenyewe. Jumanne ya wiki jana nilikaa kwenye benchi la kituo cha afya, mwanamume peke yangu kati ya akina mama. Na nani alikuwa anapima watoto uzito? Mama Julienne. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwona njiani navuka upande wa pili.

"Papa Clémence! Ni weye njo unaleta mutoto? Mama yake iko wapi?"

"Iko ku kazi. Lakini hata kama angekuwa hapa, ningekuja mie." Kisha nikasema haraka, kabla moyo haujabadilika: "Mama Julienne, ile siku nilikufukuza. Unisamehe."

Nilitarajia aseme kitu kikubwa. Akaendelea kumfunga Héritier kwenye mzani.

"Shiye banatufukuzanga kila siku," alisema, kana kwamba kufukuzwa milangoni ni sehemu ya kazi yao. "Kamata muguu yake, asianguke."

Sindano zilikuwa mbili, ya surua na ya homa ya manjano, moja kila upande. Héritier alilia mpaka sauti ikakatika. Muuguzi akanieleza polepole: anaweza kuvimba kidogo pale alipochomwa, na baada ya wiki hivi anaweza kupata homa na vipele vidogo. Nimpe dawa ya maji ya homa, nimnyonyeshe sana. Akipata degedege au akikataa titi, nimrudishe mara moja. Nikacheka, nikamwambia kunyonyesha nitamwachia mama yake.

Siku saba zikapita bila kitu. Nikaanza hata kujigamba.

Jumatano, siku ya nane, homa ikapanda. Thelathini na tisa. Jana asubuhi nikamvua nguo nikaona vipele kifuani na nyuma ya masikio.

Vipele vile ninavifahamu.

Mama yangu, ambaye anaishi nasi, alisimama akaniangalia. "Unaona? Mutoto alikuwa muzima. Weye mwenyewe njo unamutafutia ugonjwa. Usimurudishe tena kule."

Nakiri hapa: kwa muda wa saa nzima nilimwamini. Nilikuwa nimeambiwa kila kitu, na bado nilimwamini.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikulifanya mwaka ule. Nikaenda kuuliza. Nilimfunika Héritier kwa kitenge cha Béatrice, nikashika mwavuli, tukarudi kituoni.

Muuguzi alimvua nguo, akamsikiliza kifua, akamtazama macho na mdomo.

"Ananyonya?"

"Ananyonya sana."

"Anacheza?"

Kabla sijajibu, Héritier alikuwa amekamata kalamu iliyokuwa mfukoni mwa muuguzi na hataki kuiachia. Muuguzi akatabasamu.

"Papa, mubiri yake inajifunza kupigana na surua. Vipele hivi vitaisha mu siku mbili tatu. Surua yenyewe haiachi mutoto achezee kalamu hivi."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi, lakini kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Jioni, bukari, ugali wetu, ikiwa mezani, nilimwambia mama yangu kwamba sindano ya pili ya surua ni mtoto akifikisha miezi kumi na tano, na nitampeleka.

"Hata nikikataza?"

"Hata ukikataza, Mama."

Nina miaka thelathini na minane na sijawahi kumjibu hivyo. Aliinuka akaenda chumbani bila kula. Leo asubuhi amemsalimu mtoto, mie hakunisalimu. Inaniuma. Sitabadilisha.

Homa imeshuka tangu saa kumi na moja alfajiri. Vipele vimeanza kufifia.

Clémence amerudi kutoka shuleni saa hii, sare yake inachuruzika maji. Amekuja moja kwa moja kwetu, amegeuza kichwa ili sikio la kulia liwe karibu na mdomo wa mdogo wake, amesikiliza.

"Papa, anapumua muzuri."

Hajaniuliza bado kwa nini sikio lake moja halisikii. Béatrice anaona tumwambie tu kwamba aliugua, basi. Nimekataa. Siku akiuliza, sitamwambia ni mapenzi ya Mungu, wala bahati mbaya. Nitamwambia chanjo ilifika mpaka mlangoni na baba yake akaikataa. Halafu nitabaki nimekaa palepale mbele yake, mpaka amalize kunikasirikia.