Misalaba Miwili kwenye Karatasi ya Damu

Bi Shemsa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimetia komeo mlango wa chumba, na nakuomba usinihukumu kabla hujafika mwisho, maana mimi mwenyewe sijui tena nimefanya nini. Nina miaka ishirini na miwili na mimba ya miezi mitano, nakaa Jang'ombe na mume wangu, nimwite Usi, karani wa bandarini, ambaye hunisomea ukurasa wako wa gazetini kila Jumamosi, kwa hiyo ukinijibu atanisomea mwenyewe, na sijui kama hilo nalitaka au naliogopa. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya waja wazito wakanitoa damu, na wiki ya pili nikapewa karatasi yenye misalaba miwili ya wino mwekundu, na aliyenipa hakunieleza kitu ila nirudi na mume wangu, basi Usi akaenda naye akapimwa, yake ikaandikwa safi, na papo hapo akaambiwa yangu ni kaswende. Naapa kwa Mola aliyeniumba, simjui mwanamme mwingine.

Usi hakunipiga wala hakunifokea, alikaa tu kitandani akaniuliza, "Nani?" na tangu siku hiyo huniuliza neno hilo hilo kila akirudi kazini. Mama yake, Bi Mwanakheir, akaichukua karatasi akaitazama sana, akasema, "Mwanangu, huyu hakuzini. Misalaba hii si unaiona? Mkeo keshaolewa na kibuki." Kibuki, kama ujuavyo, ni pepo wa Bukini, kule Madagaska, si Mwislamu, hunywa brandi, na mama mkwe anasema ameniwekea alama yake katika damu, na alama nyingine akaionyesha kwenye muundi wa mguu wangu, lile kovu la buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi niliougua shamba Chwaka utotoni, akasema hapo ndipo alipoingilia. Nilimshukuru, nakiri, kwa sababu afadhali pepo kuliko zinaa.

Lakini sasa ameanza kuja. Huja saa saba mchana, mtaa umetulia na watu wamejipumzisha, nami nimejilaza, nikasikia harufu ya brandi, ambayo sijapata kuinusa maishani lakini najua ni hiyo, na mto wa pili ukabonyea taratibu kama mtu anayeweka kichwa, na nikigeuka hamna mtu na mto una joto. Mwanzo hakuwa na uso. Wiki hii anao, nao ni wa Abrahman, mshoni wa ng'ambo ya njia, mtu ambaye hajapata kuniambia zaidi ya "Sabalkheri". Nimeanza kuukumbuka mkono wake, na pete ya akiki kidoleni, na sijui kama nakumbuka au naota. Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu watanikalisha ngomani nipungwe pepo, fundi wa pepo atamuuliza kibuki jina lake, na jibu litatoka kwa kinywa changu, Usi akiwepo anasikiliza. Naliogopa jina hilo. Bi Shemsa, damu ikishasema, labda inajua nisilolijua mimi?

Wako,
Mja Mzito, Jang'ombe

*

Marahaba, mwanangu.

Majina nimeyabadili yote, na kazi ya jirani yako pia. Vuta pumzi, usikilize polepole.

Kwanza nakugombeza. Umepewa karatasi ya hospitali, ukamwachia mkweo aisome. Ile si misalaba. Ni alama ya kujumlisha, ile ile ya darasa la hesabu. Mpimaji huchanganya maji ya damu na dawa yake, akatazama yamegandana kiasi gani. Kidogo huandika alama moja, sana huandika nne. Wewe umepata mbili. Hakuna aliyekuoa ila mumeo.

Neno kubwa katika barua yako umelipita mbio: buba. Nilipofika hapo nikaenda kumuuliza daktari mmoja ninayemwamini. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alinambia, "Buba na kaswende ni ndugu, Bi Shemsa. Hata kwa darubini wadudu wao siwezi kuwatenganisha, na kipimo chetu hakiwezi pia." Mtoto aliyeugua buba shamba akapona, damu yake yaweza kuonyesha alama hata miaka ishirini baadaye. Mimba yenyewe, au malaria, nayo mara nyingine hukikoroga kipimo. Walipaswa kukuuliza. Hawakukuuliza, nawe ukanyamaza.

Lakini sikuapii kwamba huna kaswende, maana sijui, na karatasi ile haijui. Tena kipimo hukosea pande zote mbili. Aliyeambukizwa karibuni, wiki za mwanzo damu yake husomeka safi naye si safi. Kwa hiyo mumeo naye arudi akapimwe tena baada ya miezi mitatu, apende asipende.

Jumatatu nenda kliniki. Waonyeshe kovu, taja buba kwa sauti, waombe wairudie damu. Wakikupa sindano za penisilini, zimalize zote. Zinatibu buba na kaswende pia, na mtoto aliye tumboni hawezi kungoja mmalize ugomvi.

Damu haijui kitu, mwanangu. Na huyo anayelalia mto wako, sikucheki. Nilikusoma mchana, nikaiacha barua nikenda kukaa barazani penye watu. Ila umeulizwa "Nani?" mwezi mzima, na akili ikiulizwa hivyo hujitafutia mtu. Ilianza na harufu, ikapata kichwa, sasa ina uso na pete. Ngomani usiende. Sema Bi Shemsa amekukataza, waje wanigombeze mimi.

Na wewe bwana unayesoma, mkeo yuko hapo anakusikiliza. Ukimuuliza tena "Nani?", nina hakika siku moja atakujibu. Utapewa jina la mtu aliye hai, mwenye mke na watoto, asiyejua lolote, na utaliamini. Kunja gazeti, umwambie kwamba kesho kutwa mtakwenda hospitali pamoja.