Ua Lenye Macho Mawili

Shoga, nimeaibika, na bado nacheka!

Mjukuu wangu alikuwa kwa fundi cherehani, anajaribu gauni la harusi ya kesho. Begani nikaona ua la kahawia, kubwa kama kiganja, lina macho mawili. Nikasema, "Fundi, ua zuri, ila limekaa upande." Nikalivuta.

Likafungua mabawa! Nondo, shoga! Nondo mzima!

Fundi akanyanyua kandambili. Nikajua gauni jeupe limekwisha.

Mjukuu, anayekimbia hata mende, akasimama kimya. "Usimpige, fundi. Bibi kamsifu." Akasogea taratibu mpaka dirishani, nondo akaruka zake.

Nondo! Nami nimemsifia fundi!

Dirisha lilipofungwa akaniuliza, "Bibi, sasa naweza kupiga kelele?"

Akapiga, majirani wakaja mbio.