Mvua ya Mwaka Ule

Deo mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kitura kahawa imechanua, na shangazi yako amejifungua binti mwenye sauti kuliko kengele ya kanisa.

Unasema umeiuliza simu kama kazi ya kuchora ramani za nyumba itakuwepo ukimaliza chuo, ikajibu kwamba hakuna ajuaye. Sasa unaniuliza mimi: uache?

Nilipoolewa huku milimani nikitokea Mbamba Bay, nilikuta wanaume wamekwisha kulaza nyasi shambani miraba miraba. Sisi wanawake tulichimba ngoro, shimo katikati ya kila mraba, udongo ukafunika nyasi, tupande maharage juu yake. Asubuhi hiyo redio ikasema mvua huenda ikazidi, huenda ikakosekana. Nikakaa nisikilize zaidi. Mama mkwe akaniwekea jembe miguuni.

"Redio haina hamu ya maharage. Wewe unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikachimba. Mvua ikizidi, shimo litaizuia isibebe udongo. Ikiwa haba, litaitunza.

Simu yako haijadanganya, Deo. Ila yenyewe haitamani kujenga nyumba. Wewe unatamani. Rudi darasani.

Mvua ya mwaka ule ilikuwaje, sikumbuki. Maharage nayakumbuka.

Bibi yako