Taa ya Chumbani kwa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehewe kimya cha tangu mwaka jana. Sina udhuru. Nilidhani nikistaafu ualimu nitapata wasaa wa kuandika. Kumbe nimepata wasaa wa kuahirisha.

Leo sina budi. Jana mpwa wangu alikuja kumwona mama yake, yaani dada yangu mdogo ninayeishi naye. Mimi nilikuwa kwa kinyozi. Akabisha hodi, akabonyeza kengele, akaita. Dada yumo ndani anashona, hasikii kitu — masikio yamezidi kumkatalia. Mpwa akaingiwa na hofu, akavunja kioo cha dirisha la jikoni! Niliporudi nilimkuta amesimama juu ya sinki, na dada ameinua mkasi wa kukatia nguo, tayari kumshughulikia mwizi.

Tulicheka sana. Kisha mpwa akaacha kucheka. Anataka kumchukua mama yake akaishi kwake, mji mwingine. "Mjomba, siku nyingine utakuwa moto." Atakuja Jumapili na gari. Dada kasema ataamua siku hiyo hiyo.

Tangu tufiwe na wenzi wetu tumekaa pamoja, tukigombania redio: yeye aikuze, mimi niipunguze. Nani nitagombana naye?

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua bodi! Kibao kidogo cha kijani. Unakiandikia maagizo kwa kompyuta, nacho kinayatii. Kitufe cha mlangoni kikibonyezwa, kiwashe taa chumbani kwa dada. Muuza vifaa vya umeme aliuliza kama ni ya mjukuu. Ni yangu, nikamwambia. "Haya mzee, kazi kwako!"

Jumatano, 5 Machi

Kwanza lazima kusakinisha programu ya kuandikia maagizo. Kompyuta ikauliza: umesoma masharti na umeyakubali? Sikuwa nimeyasoma. Basi nikayasoma. Asubuhi hadi alasiri, neno kwa neno. Sijawahi kukubali nisichokisoma, wala sianzi leo.

Dada akapita na kikombe chake. "Kaka, wenzio wanabofya tu!"

Ndiyo maana wenzangu wanalia, nikamjibu kwa sauti ya paredi ya shuleni.

Alhamisi, 6 Machi

Programu imeingia. Bodi nimeichomeka, umeme unafika. Lakini kompyuta imeshikilia: hakuna bodi iliyounganishwa. Naiona kwa macho yangu! Nimezima, nimewasha. Nimesakinisha upya (masharti ni yale yale; nimehakikisha). Hakuna bodi. Nimekula chakula cha mchana nimenuna.

Ijumaa, 7 Machi

Waya! Ni waya!

Nilimpigia simu muuzaji. Kumbe ziko nyaya za kuchajia tu. Umeme zinapitisha, maagizo hazipitishi. Akauliza, ule uliokuja na bodi uko wapi? Upo kabatini, ndani ya mfuko wake, haujafunguliwa — usije ukachakaa. Nilikuwa natumia wa taa ya kusomea. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Dada hakushangaa. "Una mashati humo hayajawahi kuona jua."

Nikaukata ule mfuko. Nikachomeka. Bodi ikaonekana! Nikatuma maagizo, yakakataliwa: nimesahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari. Hakuna kubembelezana, hakuna nusu alama. Hatimaye nimempata mwenzangu! Nikasahihisha, nikatuma tena. Taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Nimeruka — mtu wa umri wangu! Nikamvuta dada mkono, tukasimama pale tukiitazama, meno yote nje.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi umeme amepitisha waya toka mlangoni hadi chumbani. Inafanya kazi. Nimeijaribu mno, hata dada alitoka mara ya mwisho akiwa na rula yake ya ushonaji.

Jumapili, 9 Machi

Mpwa amefika, na begi kubwa tupu. Nilimwambia asiite, abonyeze tu. Akabonyeza. Mama yake akamfungulia kabla hajaondoa kidole! Akatoka, akajifungia nje mwenyewe, akabonyeza tena. Akafunguliwa tena. Machozi yakamlengalenga. "Mjomba, umeniweza." Kisha akatazama jikoni. "Lakini jiko je? Akisahau sufuria, mjomba hupo?"

Ni swali halali. Dada alikuwa akimtazama midomo. Akasema anakwenda kufikiri, akachukua begi, akafunga mlango wa chumba chake.

Tumekaa sebuleni. Mpwa anakunywa chai, anaangalia saa. Mimi naandika ili mikono itulie.

Mlango umefunguka! Begi bado analo mkononi, sijui kama lina kitu.

"Kaka, hicho kibao chako kina matundu mengine ya nyaya?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi moja lipe kazi ya kulinda jiko."

"Mama," mpwa akasema, "ina maana unabaki?"

Ama hakusikia, ama kajifanya. Amerudi ndani. Mpwa ananitazama kana kwamba mimi ndiye mkalimani. Acha nifungue kompyuta kwanza. Dada akishatamka neno lake, nitaliandika hapa.