Sabuni ya Maman Simone

Kamalondo, Lubumbashi
Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba miguu imepunguza kuvimba na kwamba hewa ya Mokambo inakufaa. Kaka Guelord, anayerudi huko leo na mizigo yake, atakukabidhi barua hii. Amejisifu mno kwa jinsi anavyokutunza; nusu nimeiamini. Sisi tu wazima, na mkweo Adrien amepona malaria. Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei, na sababu yako naielewa.

Kazi yangu katika wodi ya watoto wachanga unaijua: kuwatafuta bakteria wanaoenea hospitalini na ambao antibiotiki zetu haziwawezi tena. Tangu Machi watoto sita walipata maambukizi ya damu. Wawili walifariki, mmoja akiwa wa Dorcelle, mshonaji wa mtaa wetu. Maabarani tulijaribu dawa tano: nne hazikufanya kitu, na ya tano hospitali haina. Nilipima vitanda, mipira ya oksijeni, hata kalamu za madaktari. Mwishowe niliwakuta bakteria wale wale katika chupa ya sabuni iliyo kando ya beseni la kunawia, ile ambayo wauguzi huijaza kutoka kwenye bidoni zako, madumu ya sabuni unayotupikia.

Yaliyofuata yalikupata wewe. Muuguzi mkuu, Maman Huguette, alikuzuia mlangoni, bidoni ikiwa mkononi mwako, akakuambia mbele ya watu: "Maman Simone, ile sabuni yenu ya paroisse irudi kwenu. Huku batoto beko banakufa." Miaka minne umepika sabuni ile na akina mama wa parokia, bila kungoja hata asante. Nimesimuliwa kwamba ulicheka kidogo, ukasema labda bidoni inahitaji kubatizwa upya, ukaondoka. Wiki ile ile Dorcelle alikuona barabarani, akavuka upande wa pili asikusalimie, nawe ukafunga nyumba ukaenda Mokambo.

Siku tatu baada ya safari yako niliichukua bidoni uliyoiacha jikoni, ambayo haikuwa imefunguliwa. Niliipima mara tatu, kwa sababu matokeo yanayonifurahisha huwa siyaamini upesi. Hapakuota kitu. Sabuni yako, Mama, ilikuwa safi ilipotoka mikononi mwako.

Hapo sikuwa na budi kuikumbuka karatasi. Mwaka jana, sabuni ilipokuwa ikiisha kabla ya Ijumaa, siku ya kuletwa nyingine, mimi ndiye niliyewafundisha wauguzi kuongeza maji ya bomba chupani na kuitikisa, nikabandika agizo hilo juu ya beseni kwa mwandiko wangu. Sikuandika popote kwamba chupa ioshwe na kukaushwa kwanza. Sabuni iliyozimuliwa hivyo yaweza kuwalea bakteria badala ya kuwaondoa. Bado sina hakika ya yote: huenda mikono iliichafua chupa kabla chupa haijaichafua mikono, na vifo viwili vyaweza kuwa vimepita njia mbili. Shaka hiyo ni ya kweli, lakini siwezi kujificha nyuma yake, maana nimekwisha kujificha mara moja. Asubuhi ya mkutano wa hospitali kuhusu vifo hivi, ule uliotangulia wewe kuzuiwa mlangoni, kabla wenzangu hawajafika, niliibandua karatasi ile, nikaikunja, nikaitia mkobani. Kisha nikaketi. Mkurugenzi akasema chanzo ni sabuni ya akina mama, nami nikayanakili maneno yake kama mwanafunzi.

Karatasi sasa nimeiambatisha kwenye ripoti nitakayoisoma kesho mbele yao wote. Huenda wakaniondoa kazini, sijui.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa Dorcelle, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kwani hakunipa kiti. Aliendelea kufumua mshono. Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nilipojibu bado, akasema bila kuniangalia: "Enda umuandikie mama yako leo. Nilimukatalia salamu."

Sithubutu kukuomba msamaha kwa kalamu. Nitakuja mwenyewe, wakiniondoa au wasiponiondoa. Ninaloomba sasa ni kwamba simu ya Dorcelle uipokee akikupigia, hata kama yangu utaiacha iite.

Adrien anakusalimu sana, na akina mama wa parokia wote wanakutaja kwa jina katika sala zao. Ubaki salama, Mama.

Ni mimi binti yako,
Christiane